Kiprugut Chumo na Mzunguko wa Kwanza

Wilson Kiprugut Chumo alizaliwa mwaka 1938 Kericho, katika nchi ya Wakipsigis ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bomet. Katika kumbukumbu za mashindano jina la pili huandikwa pia Chuma. Ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, na ndiye wa kwanza kufikisha medali mbili. Zote alizipata katika mbio za mita 800: shaba Tokyo mwaka 1964 na fedha Mexico City mwaka 1968. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Hilo limefanya jina lake litajwe kwa haraka kila historia ya riadha ya Kenya inapoandikwa, kisha mwandishi akakimbilia kwa Kipchoge Keino.

Nchi aliyokulia ilikuwa imekwisha kubadilika sura kabla hajazaliwa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni mbili za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda chai kwa wingi kwenye ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis, na miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikauhamisha ukoo wa Talai mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1938 aliikuta chai kama mkaaji wa zamani: vilima vilivyokatwa usawa mmoja, nyumba za kambi, viwanda, na mvua ya alasiri ambayo karibu kila siku huteremka mtu akiwa njiani. Mji wa Kericho uko mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, baridi haiumizi, na barabara ni ya kupanda na kushuka tu. Hayo yote yanasaidia mapafu, lakini hayamfanyi mtu kuwa mkimbiaji. Mamilioni wamezaliwa humo humo wasikimbie hata mashindano ya shule. Kilichomtoa Kiprugut mashambani kikamfikisha kwenye uwanja wenye saa na mistari ni jeshi.

Kwa kijana wa Kipsigis aliyesoma shule za karibu na nyumbani, njia za kupata mshahara zilikuwa chache. Kulikuwa na kazi ya mashamba ya chai, kulikuwa na ualimu kwa aliyesoma zaidi, na kulikuwa na King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo wazee wengi wa eneo hilo walikuwa wamelitumikia katika Vita vya Pili vya Dunia. Kiprugut aliingia jeshini. Maofisa wa Kiingereza waliamini michezo ni sehemu ya nidhamu, kwa hiyo askari mwenye mbio alipewa muda wa mazoezi, viatu, chakula cha kutosha na mashindano ya vikosi kila mwaka. Hakukuwa na taasisi nyingine nchini iliyoweza kumpa kijana wa Kiafrika vitu hivyo vinne kwa pamoja, isipokuwa polisi na magereza. Ndiyo maana orodha ya wanariadha wa Kenya wa miaka hiyo husomeka kama daftari la mishahara ya serikali: Keino alikuwa polisi, Naftali Temu alikuwa mwanajeshi.

Riadha ya Kenya haikuanza na Kiprugut. Nyandika Maiyoro, kutoka Kisii jirani na nchi ya chai, alikuwa wa saba katika mita 5,000 Melbourne mwaka 1956 na wa sita Roma mwaka 1960. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth mwaka 1962, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220. Kiprugut alikuwamo katika kikosi hicho cha Perth, lakini hakurudi na kitu. Wakati huo alikuwa mkimbiaji mwenye kasi nzuri ya mita 400 ambaye alikuwa bado anajifunza kuibeba kasi hiyo mzunguko wa pili.

Na hapo ndipo ugumu wote wa mita 800 ulipo. Mwendo wake ni wa kasi mno kwa mapafu kukidhi mahitaji ya misuli, na ni mrefu mno kwa mtu kuukimbia wote kwa nguvu za mara moja kama mita 100. Mkimbiaji huanza kukopa oksijeni mapema, na deni hulipwa mita 150 za mwisho, miguu inapokuwa mizito na mikono ikipoteza mpangilio. Kuna namna mbili za kulikabili deni hilo. Ya kwanza ni kujificha nyuma ya wengine, kuacha wao wakate upepo, kisha kuchomoka mwishoni. Ya pili ni kwenda mbele tangu mwanzo na kuwalazimisha wote wakope sawasawa na wewe. Kiprugut alikuwa mtu wa namna ya pili. Alifanana na bondia anayetoka kwenye kona yake na kuanza kurusha ngumi kabla mwenzake hajajua amesimama wapi.

Mwaka 1964 ulianza vibaya kwa jeshi lake. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi Januari askari wa kambi ya Lanet, nje ya Nakuru, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yalizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza. Miezi tisa baadaye, mwanajeshi wa jeshi hilo hilo alisimama kwenye uwanja wa taifa wa Tokyo akiwa na jina la nchi mpya kifuani.

Nusu fainali ilikimbiwa tarehe 15 Oktoba. Kiprugut alijikuta na George Kerr wa Jamaica, aliyekuwa ameshinda shaba Roma miaka minne kabla, na wote wawili walimaliza kwa dakika 1 na sekunde 46.1. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya Olimpiki, ikagawanywa kwa watu wawili, na ikadumu siku moja. Fainali ilikuwa kesho yake. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya vumbi la makaa, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Kiprugut alikuwa miongoni mwa walioshika mbele mapema. Peter Snell wa New Zealand, bingwa wa Roma na mwenye rekodi ya dunia, alijikuta amebanwa ndani ya kundi. Ilimlazimu arudi nyuma, atoke nje, azunguke wote, kisha akawapita kwa nguvu ambazo hakuna aliyekuwa nazo siku hiyo. Snell alimaliza kwa 1:45.1. Bill Crothers, mfamasia wa Kanada, alikuwa wa pili kwa 1:45.6. Nyuma yao Kiprugut na Kerr waliingia wakiwa wamebanana tena, na saa ikawapa muda uleule kwa mara ya pili katika siku mbili: 1:45.9. Waamuzi walimpa Kiprugut nafasi ya tatu.

Kwa hesabu ya medali hilo lilikuwa jambo dogo. Kenya haikupata nyingine Tokyo, na Keino alimaliza wa tano katika mita 5,000. Kwa upande mwingine lilikuwa jambo lisilo la kawaida katika Afrika ya wakati ule. Nchi nyingi jirani na za mbali zilifungua hesabu zao za Olimpiki kwa ngumi. Medali ya kwanza ya Ghana ilikuwa ya bondia Ike Quartey mwaka 1960, ya kwanza ya Nigeria ilikuwa ya bondia Nojim Maiyegun huko huko Tokyo, na Uganda ilisubiri mabondia Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo mwaka 1968. Ndondi ndiyo iliyokuwa imeenea katika kambi za jeshi, bandari na migodi ya makoloni ya Uingereza, na Kenya nayo ilikuwa na mabondia wazuri. Kama Kiprugut angechelewa kidogo tu kwenye mita kumi za mwisho za Tokyo, Kerr angeichukua shaba ile, na Kenya ingelazimika kungoja miaka minne zaidi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa raha zaidi. Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika kwa mara ya kwanza Brazzaville mwezi Julai 1965, na Kiprugut alishinda mita 400 na mita 800 pia. Kushinda mbio hizo mbili katika mashindano yale yale ni kazi ngumu, kwa sababu ya kwanza hudai kasi tupu na ya pili hudai ustahimilivu, na mkimbiaji hulazimika kupanda mchujo baada ya mchujo bila kupumzika. Dhahabu za Brazzaville ndizo pekee kubwa alizopata nje ya Afrika Mashariki. Wanaosema Kiprugut alikuwa mtu wa nafasi ya pili wanazisahau.

Kingston mwaka 1966, nyumbani kwa Kerr, ilikuwa zamu ya yadi 880 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kerr alikimbia mbele ya watu wake, na pengine macho ya Kiprugut yalikuwa kwake. Aliyeshinda alikuwa Mwaustralia Noel Clough. Kiprugut akapata fedha, Kerr shaba. Michezo hiyo inakumbukwa Kenya kwa sababu nyingine: Keino alishinda maili moja na maili tatu, na Temu alimshinda Mwaustralia Ron Clarke katika maili sita. Kuanzia hapo kitovu cha riadha ya Kenya kilihamia mbio ndefu, na mita 800 zikawa kama chumba cha pembeni.

Olimpiki ya Mexico City ilifanyika mwinuko wa mita 2,240. Mjadala wa mwaka mzima kabla yake ulikuwa juu ya hewa: kwamba watu wa nchi za chini wangeanguka, na watu wa nyanda za juu wangeshinda bila jasho. Kwa mbio ndefu mjadala huo ulikuwa na msingi, na Temu, Keino, Amos Biwott na Benjamin Kogo waliuthibitisha. Kwa mita 800 hali ilikuwa tofauti. Sehemu kubwa ya nguvu za mbio hizo haitegemei oksijeni ya papo kwa papo, na hewa nyepesi humpunguzia anayekwenda kasi upinzani wa upepo. Aliyezaliwa Kericho alikuwa na faida, ila haikuwa kubwa kama watu walivyodhani, na aliyetoka Melbourne hakuwa amepotea. Zaidi ya hayo, uwanja ulikuwa umetandikwa tatani, sakafu ya plastiki iliyotumika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Vumbi la Tokyo lilikuwa limekwisha.

Fainali ilikuwa tarehe 15 Oktoba 1968. Kiprugut, sasa mwenye umri wa miaka 30, alitoka mbele kama kawaida yake, na safari hii bila kusita hata kidogo. Alipita mita 400 kwa takriban sekunde 51, mwendo ambao kwa fainali ya siku hizo ulikuwa mkali sana. Kundi lilinyooka nyuma yake. Ralph Doubell, Mwaustralia aliyefundishwa na Franz Stampfl, kocha aliyewahi pia kumsaidia Roger Bannister kuvunja dakika nne za maili, alibaki nyuma akihesabu. Kwenye upande wa nyuma wa mzunguko wa pili Doubell akaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili. Kiprugut aliingia mstari wa mwisho akiwa bado mbele. Katika mita za mwisho akapitwa.

Doubell alipewa 1:44.3, sawa na rekodi ya dunia ambayo Snell aliiweka Christchurch mwaka 1962. Kiprugut alipewa 1:44.5. Vipimo vya umeme vinasema 1:44.40 na 1:44.57, tofauti ya sekunde 0.17. Kwa mwendo waliokuwa nao, hiyo ni zaidi kidogo ya mita moja. Mmarekani Tom Farrell alikuwa wa tatu, nyuma yao kwa karibu sekunde nzima.

Muda huo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko rangi ya medali. Ungempa Kiprugut dhahabu ya Tokyo, kwani Snell alishinda huko kwa 1:45.1. Ulikuwa ndani ya sekunde 0.2 ya mwendo wa kasi kuliko wote uliowahi kukimbiwa na binadamu. Na rekodi ya Doubell ilijengwa juu ya mzunguko wa kwanza wa Kiprugut: bila mtu wa kuvuta kundi kwa sekunde 51, mbio za kuviziana zingemalizika kwa muda wa kawaida. Makocha wengi wangemshauri akae nyuma. Huenda wangekuwa sahihi. Lakini Kiprugut hakuwa na umaliziaji wa Snell wala wa Doubell, na mtu asiye na umaliziaji huo akikaa nyuma hujitafutia nafasi ya tano. Kwenda mbele ndiko kulikompa medali mbili alizopata, na ndiko kulikomnyima ile aliyoikosa.

Fedha hiyo ilimfanya kuwa Mkenya wa kwanza kuwa na medali mbili za Olimpiki. Temu, aliyekuwa ameshinda dhahabu ya mita 10,000 tarehe 13 Oktoba, aliipata ya pili yake tarehe 17, siku ambayo Keino naye alipata ya kwanza. Kenya iliondoka Mexico na medali tisa. Nane zilikuwa za riadha. Ya tisa ilikuwa shaba ya bondia Philip Waruinge, aliyepewa pia kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote, ingawa hakufika hata fainali. Waruinge na Kiprugut wanafaa kusomwa pamoja: wote wawili walikuwa mafundi ambao matokeo hayakuwalipa kiasi walichostahili.

Malipo ni jambo la kuzungumzwa waziwazi. Sheria za uridhaa zilimkataza mwanariadha wa Olimpiki kupokea fedha kwa kukimbia. Kiprugut aliishi kwa mshahara wa jeshi, na medali haikuuongeza kwa namna ya tuzo za leo. Bondia angalau alikuwa na mlango wa kutokea: angeweza kuacha uridhaa, kuingia ndondi za kulipwa na kupigania fungu. Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki wa Seoul mwaka 1988, aliupita mlango huo akaenda Marekani, na mwaka 1994 akafariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano.   Mkimbiaji wa mwaka 1968 hakuwa na mlango huo. Akishastaafu, kilichobaki kilikuwa kazi yake ya kawaida na medali sandukuni. Fedha za wazi ziliingia riadha kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 2024 shirikisho la riadha duniani lililipa kwa mara ya kwanza dola 50,000 kwa kila mshindi wa dhahabu ya Olimpiki, huku wa pili na wa tatu wakiambiwa wangoje mpaka mwaka 2028.

Baada ya Mexico Kiprugut hakurudi tena kwenye jukwaa la Olimpiki. Mike Boit alipata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, kisha Kenya ikasusia michezo ya 1976 na 1980. Dhahabu ya mbio hizo ilikuja mwaka 1988 kupitia Paul Ereng, miaka 24 baada ya shaba ya Tokyo. Tangu hapo Kenya imezishika mita 800 karibu kama mali yake: William Tanui, Wilfred Bungei, David Rudisha mara mbili, Emmanuel Korir, na Emmanuel Wanyonyi aliyeshinda Paris mwaka 2024 kwa 1:41.19. Rudisha, aliyeshinda London mwaka 2012 kwa 1:40.91 akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, ni mwana wa Daniel Rudisha, aliyekuwa katika timu ya Kenya ya mbio za kupokezana za mita 400 mara nne iliyopata fedha Mexico. Kwa namna ya ukimbiaji, hata hivyo, ni kwa Kiprugut alikorithi.

Nyumbani kwenye chai mbegu ilichukua mkondo mwingine. Wakimbiaji waliofuata kutoka Kericho na Bomet waling'ara zaidi katika umbali mrefu kuliko katika mizunguko miwili. Joyce Chepchumba wa Kericho alishinda marathoni ya London mwaka 1997 na 1999 na kupata shaba ya Olimpiki Sydney mwaka 2000. Emily Chebet wa Bomet alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2010 na 2013. Geoffrey Kirui wa Kericho alishinda marathoni ya mashindano ya dunia London mwaka 2017. Hawa walikimbia wakiwa na mameneja, makambi ya mazoezi na fedha za zawadi, na wengi wa kizazi chao wamenunua mashamba na majengo katika miji ambayo Kiprugut aliijua ikiwa safu moja ya maduka.

Kiprugut mwenyewe aliishi uzeeni Kericho, akitembelewa kila Olimpiki ilipokaribia na waandishi waliotaka kusikia habari za Tokyo. Alifariki tarehe 1 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka uliofuata sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, zilifanyika Kericho, katika uwanja uliokuwa umeitwa Kericho Green. Sasa unaitwa Kiprugut Chumo.